Hayati

Katika lugha yetu liko neno ambalo kila nilisikiapo hunisimamisha, nalo ni hayati. Asili yake ni Kiarabu, na huko lilikotoka maana yake ni uhai. Walakini sisi tumelipa kazi ya kulitangulia jina la mtu aliyekwisha kufa, tukasema hayati fulani na hayati fulani, hata mtoto wa shule aliyelizoea redioni na misibani, akiulizwa maana yake, hujibu bila kusita kwamba hayati ni mtu aliyefariki. Marehemu ni neno la dua, kwa kuwa ndani yake mna rehema tunayomtakia aliyetutangulia. Hayati si dua. Ni kana kwamba waliolitumia kwanza, walipotaka kumtaja mfu, walikataa kumtaja kwa mauti yake, wakamtaja kwa kile alichokuwa nacho kabla mauti hayajamfikia. Nimelikumbuka neno hili kwa sababu ya filamu niliyoitazama hapa Nkome, filamu iliyotengenezwa kwa heshima na mapenzi makubwa, na ambayo hata hivyo ilifanya kinyume cha neno lenyewe.

Mwalo wa Nkome uko ukingoni mwa Ziwa Viktoria, upande wa Geita, mahali ambapo watu huvuka kwenda kisiwa cha Rubondo, na ambapo asubuhi dagaa huanikwa hata mchanga usionekane. Wavuvi wa dagaa huhesabu miezi yao kwa giza. Usiku usio na mwezi huwasha taa juu ya maji, dagaa wakakusanyika chini ya mwanga, wakazungushiwa nyavu. Lakini mwezi ukipevuka, nuru yake hutapakaa ziwa zima na taa ya mvuvi ikawa si kitu, basi watu huvuta mitumbwi nchi kavu, hushona nyavu zilizoraruka, huenda makwao kuwaona watoto, na jioni hujaa katika mabanda ya video. Ilikuwa usiku wa namna hiyo nilipoketi juu ya benchi la mbao, nimelipa kiingilio changu cha shilingi mia tano, jenereta likinguruma nyuma ya mabati, kuitazama Bohemian Rhapsody, filamu ya mwaka 2018 inayosimulia maisha ya Freddie Mercury, mwimbaji wa kundi la Queen, aliyezaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, akafariki London tarehe 24 Novemba 1991, umri wake miaka 45. Kiingereza cha waigizaji kilifunikwa na sauti ya mtafsiri, ambaye, kama ilivyo ada ya watafsiri wa mabanda yetu, alisimulia, akaonya, akashangaa, na palipostahili kimya akanyamaza.

Kuelekea mwisho wa filamu ile mwimbaji hupata habari kwamba ana virusi vya ukimwi. Huwaeleza wenzake wakiwa katika mazoezi, wakakumbatiana, na baada ya hapo hupanda jukwaani katika uwanja wa Wembley, mbele ya watu elfu sabini na ushei, katika tamasha la tarehe 13 Julai 1985 lililoandaliwa kuwachangia watu wa Ethiopia waliokuwa wakifa kwa njaa. Banda zima likatulia. Mzee aliyeketi kando yangu, mshona nyavu ambaye vidole vyake havikosi uzi hata gizani, akasema kwa sauti ya chini, "Kumbe anaaga." Nami machozi yalinilengalenga, kwa sababu ilionekana hivyo hasa: kila mkono alioinua ulikuwa mkono wa kwaheri, na watu wale elfu sabini, pasipo kujua, walikuwa wamehudhuria maziko.

Lakini hakuwa akiaga. Watu waliokuwa karibu naye wameeleza kwamba habari ya ugonjwa wake aliipata mwaka 1987, takriban miaka miwili baada ya siku ile ya Wembley. Wala kundi lao halikuwa limevunjika likaja kuunganishwa na tamasha, kama filamu inavyotaka tuamini. Walikuwa wametoa sahani ya The Works mwaka 1984, wakaimba Rio de Janeiro Januari 1985, na ziara yao ilikuwa imemalizikia Japani mwezi Mei, wiki chache tu kabla ya kusimama Wembley. Mtu aliyesimama jukwaani jioni ile, kwa muda wa dakika ishirini hivi, alikuwa mtu mwenye kesho, mwenye kazi aliyoizoea na nguvu alizoziamini. Aliimba vile kwa kuwa alikuwa mwimbaji hodari na siku ilikuwa njema. Watengenezaji wa filamu walikichukua kitu alichokijua mwaka 1987 wakakiweka ndani ya kifua chake mwaka 1985, ili tunapomtazama tuone adhama ya mtu anayepambana na mauti, ilhali adhama iliyokuwapo siku ile ilikuwa ya namna nyingine, nayo ilitosha.

Kosa hili, nikilitafakari, naona ni zaidi ya kukosea tarehe. Tarehe hukosewa na waandishi wengi waadilifu. Hapa jambo lililohamishwa ni maarifa ya mtu, na maarifa ya mtu ni sehemu ya mtu mwenyewe kama ilivyo sura yake; kwa hiyo anayemtia maarifa asiyokuwa nayo amemfanya mtu mwingine. Fauka ya hayo, filamu ile inaishia Wembley. Miaka sita iliyofuata imewekwa katika mistari michache ya maandishi kabla ya majina ya waliotengeneza, na humo ndimo ilimo miaka ambayo ujuzi wa mwisho ulikuwa wake kwa hakika: miaka aliyoimba pamoja na Montserrat Caballé, mwimbaji wa opera wa Hispania, katika sahani ya Barcelona ya mwaka 1988; miaka ya Innuendo, iliyotoka Februari 1991 ilhali mwili wake umekwisha dhoofika; hata tarehe 23 Novemba alipoutangazia ulimwengu kwamba ana ukimwi, na kesho yake akafa. Basi mtu yule amedhulumiwa mara mbili. Alipokuwa hajui, amefanywa ajue; na alipojua, akaendelea na kazi kila alipopata nguvu, pazia limefungwa.

Iko haja ya kuuliza kwa nini jambo hili hututuliza sana, kwa kuwa kama lingekuwa la watengenezaji wa filamu wa Ulaya na Marekani peke yao lisingenisumbua hivi. Nimeliona mwaloni, kwa macho yangu, miaka mingi kabla ya filamu ile.

Nilipokuwa kijana, mwalo wetu ulikuwa na mwimbaji. Sahani hakuwa nayo, wala redio haikumjua. Alikuwa mvuvi wa dagaa aliyeimba kwa Kisukuma na kwa Kiswahili akiwa kwenye kasia, na sauti yake ilikuwa ya kumfanya mwanamke anayeanua dagaa asimame na ungo mkononi mpaka mtumbwi upite. Usiku mmoja wa giza upepo uliwakuta mbali, mtumbwi ukapinduka, na mwili wake ukaonekana siku ya tatu. Katika matanga mmoja alisema kwamba wimbo alioimba jioni ile ulikuwa wa kuaga; wa pili akakumbuka jinsi marehemu alivyomshika mkono kwa muda mrefu kuliko desturi; wa tatu akasema wiki nzima alimwona mnyonge. Kufikia siku ya arobaini hapakuwa na mtu asiyeamini kwamba kijana yule alikijua kifo chake. Mimi nilikuwa nimefuatana naye siku ya kabla yake hadi kwa fundi cherehani, alikopimwa suruali ya kitambaa cha kijivu, akabishana na fundi juu ya upana wa miguu, kwa kuwa alitaka bugaluu kama ilivyokuwa fasheni ya siku zile na fundi akimwambia kitambaa hakitoshi, wakakubaliana, akalipa nusu, akasisitiza iwe tayari Jumamosi maana Jumamosi pana ngoma. Baada ya mazishi niliiona suruali ile juu ya meza ya fundi. Mguu mmoja ulikuwa umeshonwa. Wa pili ulikuwa na alama za chaki nyeupe tu, na pini mbili zimechomekwa pale pindo lilipotakiwa kukunjwa. Nilizitazama alama zile kwa muda mrefu. Nilitaka kuwaambia watu wa matanga waje wazione, lakini nilikuwa mdogo, na waliokuwa wakisema walikuwa wakubwa, tena walikuwa wakilia.

Walikuwa wakilia, na hapo, nadhani, ndipo penye sababu. Kifo cha kijana ni jambo ambalo akili hukataa kulibeba jinsi lilivyo. Mzee akifa, miaka yake imejipanga nyuma yake, na kifo chake huja kama kituo mwishoni mwa sentensi ndefu. Bali kijana akifa sentensi hukatika katikati ya neno, na sisi tuliobaki hatuwezi kuvumilia neno lililokatika, basi hurudi nyuma tukalisoma upya mpaka tuone kwamba lilikuwa limekwisha. Tukisema alijua, tumempa ukamilifu. Ni hisani ya wafiwa, na sina moyo wa kuilaumu usiku wa matanga. Walakini hisani ikigeuzwa kuwa historia inakuwa dhuluma, kwa sababu inamnyang'anya marehemu kile ambacho kifo hakikuweza kumnyang'anya, yaani siku zake jinsi alivyoziishi: Jumamosi aliyoitarajia, na hasira yake ya kweli juu ya upana wa suruali.

Wahenga wana msemo kwamba kabla hujafa hujaumbika. Aghalabu huambiwa mtu anayemcheka kiwete au anayemdharau maskini, kumkumbusha kwamba naye bado yumo mikononi mwa muumbaji na halijui litakalompata. Wagiriki wa kale walikuwa na fikra iliyo ndugu ya hiyo. Herodotus anasimulia kwamba Croesus, mfalme wa Lydia ambaye dhahabu yake ilikuwa mithali ya dunia, alimwuliza Solon wa Athens ni nani mwenye heri kuliko watu wote, akitumaini kusikia jina lake, naye akatajiwa majina ya watu waliokwisha kufa. Aristotle, aliyekuja baadaye, aliigeuza hoja hiyo kwa swali ambalo mimi naliona zito kuliko hadithi yenyewe: kama haijuzu kumwita mtu mwenye heri mpaka afe, je, si ajabu kwamba wakati alipokuwa nayo heri ile haikuwa halali kusema anayo, na tunaanza kuisema wakati hayupo wa kuionja?

Nami nadhani wengi wetu tumeusoma vibaya msemo wa wahenga. Umetolewa kumfunga mtazamaji mdomo asimhukumu aliye hai. Haukusema kwamba kifo ndicho mwumbaji. Hili nimelifahamu vema kwa kumfikiri hayati Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, Unguja, katika jamaa ya wafinyanzi, akatembeza vyungu mjini kabla sauti yake haijampeleka Bombay mwaka 1928 kutiwa katika sahani za santuri, akafa mwaka 1950 akiwa mtu mzima wa makamo ya miaka sabini, na Shaaban Robert akamwandikia wasifu. Mfinyanzi hukiumba chungu udongo ungali mbichi: kwa kidole gumba, kwa maji, kwa kipande cha kifuu cha kulainishia ukingo. Kisha hukipeleka motoni. Moto haukiumbi chungu. Umbo lote limekwisha kuwapo kabla ya kuni kuwashwa. Kazi ya moto ni kulifanya lisigeuke tena. Ndivyo mauti yalivyo kwa maisha ya mtu. Yanayakausha, hayayafinyangi, na mwenye kuandika wasifu akianza na moto, akaulizia kila alama ya kidole imeuelekea moto namna gani, atayaona majivu mengi na mikono ya mfinyanzi hataiona.

Jina la Mercury mwimbaji yule alijichagulia mwenyewe. Kwa Kiingereza ndilo jina la sayari tuiitayo Utaridi, na ndilo jina la zebaki pia, na mtu wa Geita hawezi kulisikia asiikumbuke zebaki. Katika machimbo ya wachimbaji wadogo, Nyarugusu, Rwamgasa na kwingineko katika ukanda huu, jiwe lililotoka katika shimo liitwalo duara husagwa, mchanga wake huoshwa kwenye mwalo (nao wachenjuaji huita mwalo, kama sisi wavuvi), kisha hutiwa zebaki, ambayo huikusanya dhahabu iliyogusana nayo mpaka ikawa donge jeupe. Donge hilo huchomwa, zebaki ikaruka kwa moshi wa sumu, dhahabu ikabaki. Mchanga usioshikwa huitwa marudio. Mgeni huudhani uchafu. Mwenyeji anajua kwamba ndani ya marudio mara nyingi imebaki dhahabu nyingi kuliko iliyokwisha kuchukuliwa, ndiyo maana yana wanunuzi na bei yake. Mwisho wa mtu, katika filamu za namna hii, ndiyo zebaki: hukusanya kile tu kinachoweza kunata nao, na kingine chote kikatupwa.

Marudio ya filamu ile yamo kwetu. Unguja inapita kwa maneno machache yanayosemwa nyumbani kwa wazazi. Hatumwoni mtoto wa Kiparsi wa Mji Mkongwe, ambaye baba yake alikuwa mtunza fedha katika Mahakama Kuu chini ya serikali ya Waingereza, na ambaye watu wa dini yake walikuwa na hekalu lao la moto katika kisiwa cha misikiti. Hatumwoni akipelekwa shule ya bweni Panchgani, India, akiwa na umri wa miaka minane hivi, huko alikojifunza piano na kuitwa Freddie. Hatumwoni kijana wa miaka kumi na saba aliyekuwa amerudi kwao, Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yanapotokea na jamaa yake kuhamia Uingereza. Sisemi kwamba kila filamu lazima ianze na kitovu cha mtu. Nasema kwamba mambo haya yaliachwa kwa sababu hayanati na kifo chake. Hayakukielekea popote, yalikuwa ni maisha tu. Mwaka 2006, ilipokusudiwa kufanywa sherehe Unguja kwa kutimia miaka sitini tangu azaliwe, jumuiya moja ya kidini iliipinga kwa nguvu. Na mwaka 2019 yakafunguliwa makumbusho yake Shangani. Hivyo visiwani kwenyewe watu wameshindana juu yake, na mashindano yale, kwa uchungu wake wote, yalihusu alivyoishi kuliko alivyokufa.

Ng'ambo ya ziwa hili alikuwako mwimbaji mwingine ambaye maradhi yale yale yalimkuta, na habari yake ndiyo iliyonifanya nisiharakishe kusema kwamba mauti hayana nafasi katika filamu ya mwimbaji. Philly Bongoley Lutaaya wa Uganda, aliyezaliwa mwaka 1951 na kuishi miaka mingi Sweden, alirudi kwao mwaka 1989, na katika mwezi wa Aprili akasimama hadharani akasema kwamba ana ukimwi, katika siku ambazo upande huu wetu, tangu wagonjwa wa kwanza nchini walipoonekana Kagera mwaka 1983, ugonjwa ule ulitajwa kwa mafumbo na familia zilizika watu wao bila kusema kilichowaua. Wako waliokataa kumwamini. Walisema anatafuta fedha, kwa kuwa mwili wake ulikuwa bado haujakonda kama walivyotarajia. Akazunguka mashuleni na makanisani, akiimba na kueleza, na kamera ikamfuata, na kutokana na picha zile ikatoka filamu ya hali halisi iitwayo Born in Africa. Alifariki tarehe 15 Desemba mwaka ule ule, umri wake miaka 38.

Katika filamu ile kifo kiko wazi katika uso wa kila anayeonekana, na hakuna dhuluma hata chembe. Yeye mwenyewe ndiye aliyekileta. Ujuzi wa mwisho wake ulikuwa mali yake kwa siku zile hasa, akautoa kwa hiari, mahali alipotaka na kwa watu aliotaka, na kwa maneno yake mwenyewe. Kamera haikumtia kitu asichokuwa nacho. Nimetazama watoto wa shule wakimsikiliza, wengine wameinamisha vichwa, na nikafahamu tofauti ambayo banda la Nkome halikunipa nafasi ya kuifahamu. Yule wa Wembley alikuwa na haki ya kutojua, na Lutaaya alikuwa na haki ya kujua. Kila mmoja wao alistahili kuachiwa saa yake na ujuzi wa saa hiyo, na anayesimulia maisha ya watu hana amana kubwa kuliko hii.

Najua litakalosemwa. Litasemwa kwamba filamu ina saa mbili na mtu ana miaka arobaini na mitano, kwamba lazima kukata na kuunganisha, na kwamba mtazamaji aingiapo anaujua mwisho hata asipoambiwa. Hili la mwisho ni kweli, tena ni kweli chungu. Hayati Steven Kanumba, mwigizaji, mtoto wa Shinyanga, alifariki tarehe 7 Aprili 2012 akiwa na umri wa miaka 28, na tangu hapo filamu zake zinapowekwa katika mabanda yetu hakuna anayeweza kumwona akicheka pasipo mtu mmoja gizani kuvuta pumzi na kusema masikini. Filamu ni zile zile. Hakuna hata picha moja iliyogeuzwa. Sisi ndio tuliogeuka. Lakini ndani ya picha yeye bado hajui, anacheka kicheko cha mtu asiyejua, na kicheko kile kinatupinga sisi wenye kujua, kinatuambia kwamba wakati ule palikuwa hapana msiba. Upinzani huo ndio ninaoutetea. Mtazamaji na aje na huzuni yake, hawezi kuiacha mlangoni. Filamu isimlainishie kwa kumtia mwimbaji huzuni ile ile. Nafasi iliyo baina ya tunachokijua sisi na alichokuwa hakijui yeye inauma, na maumivu hayo ndiyo heshima tunayoweza kumpa. Ikizibwa, tunajililia wenyewe.

Kuhusu kukata na kuunganisha, sina ugomvi. Mfumaji wa nyavu hukata uzi kila siku. Naomba tu asiufunge uzi wa Jumamosi kwenye jiwe la Jumapili.

Namfikiri sasa mtu mmoja ambaye filamu ya maisha yake ningetamani kuiona kabla sijaenda. Ni hayati Mbaraka Mwinshehe Mwaruka, aliyezaliwa Juni 1944, akalitukuza jina la Morogoro Jazz, akaenda Osaka mwaka 1970 katika maonyesho makubwa ya dunia, akaunda Super Volcano mwaka 1973, na kwa gitaa na sauti yake akawa katika kila nyumba iliyokuwa na redio, yetu ikiwamo, ambamo betri zilianikwa juani ili ziongeze nguvu ya kumsikia usiku. Alifariki Januari 1979 kwa ajali ya gari huko Mombasa, akiwa na umri wa miaka 34. Ajali ni neno jingine lililosafiri: kwa Kiarabu ni muda uliowekwa, mwisho ulioandikwa kwa kila kiumbe; wazee wetu walilitumia hivyo, kisha barabara na magari vilipokuja likawa jina la kugongana na kupinduka, yaani jambo lisilotazamiwa na mtu yeyote. Neno moja linabeba maana zote mbili, kilichopangwa na kisichotarajiwa, na kwa Mbaraka zote mbili ni kweli, kila moja kwa upande wake. Kwa Mwenyezi Mungu muda ulikuwa umewekwa. Kwa Mbaraka mwenyewe ilikuwa ghaibu, na katika ghaibu hiyo alitunga, akapiga, akapanga safari ya Kenya kama mtu anayekwenda na kurudi.

Basi nyinyi vijana wenye kamera, mtakaoifanya kazi hii siku moja, nawaombeni. Mwonyesheni akibishana na wenzake juu ya mpigo wa ngoma. Mwonyesheni Osaka, mwonyesheni akilipwa na akinyimwa, mwonyesheni akikosea wimbo na kuanza upya. Msimpe machoni ile huzuni ya mtu anayetazama mbali, wala msimwambie mkewe, anapofunga sanduku la safari, aote ndoto mbaya. Gari lile la Mombasa liacheni lingoje mpaka Januari 1979 ifike.